Mtemi, Diwani na Sungusungu: Siasa na Madaraka ya Watu katika Nchi ya Kahama

Kagongwa ni mji mdogo katika Manispaa ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda. Sifa yake kubwa ni mchele. Mpunga uvunwao katika majaruba ya mbugani huletwa hapo kukobolewa, na wachuuzi wa mbali hufika kuununua kwa magunia. Wakazi wake ni watu waliochanganyika: Wanyamwezi na Wasumbwa wenye asili ya nchi ile, Wasukuma waliohamia pamoja na ng'ombe zao, na wengine walioletwa na biashara au na dhahabu. Mtu apatwaye na shida mahali kama hapo, akiibiwa au akigombana na jirani yake juu ya mpaka wa jaruba, ana milango mingi ya kubisha. Yuko mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, yuko ofisa mtendaji, yuko diwani, wako polisi na mahakama, na, kwa desturi ya wilaya nzima, wako sungusungu, ambao mkubwa wao huitwa mtemi.

Majina hayo hayakuzaliwa siku moja, wala hayana asili moja. Kila moja liliachwa hapo na siasa ya zama fulani, kama vile mto unapofurika na kupwa huacha tope la rangi yake. Ayachunguzaye ataona kuwa mengine ni ya vyeo ambavyo watu waliletewa, na mengine ni ya vyeo walivyojiundia wenyewe. Na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua, mara nyingi kuliko maandishi ya sheria, ni baraza lipi watu watalitii na lipi watalikwepa.

Yafaa kuanza na neno siasa lenyewe, kwa kuwa maana yake ya leo imekuja kwa kuchelewa. Asili yake ni Kiarabu, na huko lina ukoo mmoja na kazi ya kutunza na kuongoza farasi. Katika Kiswahili, kama kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ionyeshavyo, lilichukua maana ya upole, utaratibu na uangalifu. Kutenda jambo kwa siasa kulikuwa ni kulitenda taratibu, bila pupa. Maana ya mashindano ya kutafuta madaraka ilizidi nguvu vyama vilipoanza kuhutubia watu. Serikali ni neno la Kiajemi lililopita Bara Hindi. Diwani nalo lina asili ya huko huko Uajemi na Uarabuni, na katika pwani ya Mrima lilikuwa cheo cha wakubwa wa miji kabla halijawa jina la mjumbe achaguliwaye na kata yake. Raia ni neno la Kiarabu ambalo kwa asili lilitaja kundi la wanyama wenye mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Mwananchi, kinyume chake, limejengwa kwa mawe ya nyumbani: ni mwana, na nchi ni yake. Hata leo lugha haijayasawazisha maneno haya mawili. Sheria ya uraia hutumia la kwanza, na askari hulitumia kwa kila mtu asiyevaa sare. Anayehutubia mkutano na kutaka kupendwa hutumia la pili.

Liko neno moja katika orodha hii lililosafiri kinyume cha njia iliyozoeleka. Ikulu, makao ya Rais, halikutoka pwani kwenda bara. Ni neno la bara, litumikalo katika Kinyamwezi na Kisukuma kwa makao ya mtemi. Hivyo taifa lilipotafuta jina la nyumba kubwa kuliko zote liliazima katika utawala ule ule ambao, kama itakavyoonekana, lilikuwa likiufuta.

Mtemi hutajwa kuwa ametoka katika kitenzi cha kutema, yaani kukata. Wako waelezao kuwa ni yule aliyekata pori na kuifungua nchi, na wako waelezao kuwa ni yule akataye mashauri. Si lazima kuchagua, kwa sababu kazi zote mbili zilikuwa zake. Lakini mtemi wa kale hakuwa mfalme wa kuamuru peke yake. Katika Usukuma walikuwako banang'oma, watu wa ngoma, waliomchagua. Na mtemi ambaye zama zake mvua zilikataa aliweza kuondolewa. Chini yake walikuwako banangwa, wakubwa wa vijiji. Zaidi ya hao, na pengine muhimu kuliko hao katika maisha ya kila siku, vilikuwako vyama vya vijana wa kijiji chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale. Vijana hao walilima mashamba kwa zamu, walijenga, walifukuza wezi. Na aliyekataa kushirikiana nao alitozwa faini au alitengwa. Nsumba ntale hakuzaliwa na cheo, alichaguliwa na wenziwe. Hivyo palikuwa na pande mbili, ngoma ya mtemi juu na mkusanyiko wa kijiji chini, na nchi ilitawalika pande hizo mbili zilipokubaliana.

Waingereza waliona upande mmoja tu. Sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, iliyotungwa zama za Gavana Donald Cameron, iliwafanya watemi kuwa mkono wa serikali: walilipwa mshahara, walikusanya kodi, walihukumu katika mabaraza yaliyoandikishwa. Tangu hapo mtemi alikuwa na mabwana wawili, na yule aliyekuwa akimlipa ndiye aliyezidi kusikilizwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mzigo uliongezeka. Watemi wa Usukuma waliunganishwa katika baraza moja la shirikisho lenye makao yake Malya, nao wakatakiwa kusimamia amri za kilimo na mifugo: kulima kwa matuta ya kuzuia maji, kung'oa miti ya pamba baada ya mavuno, kupunguza ng'ombe. Huenda baadhi ya amri hizo zilikuwa na faida kwa ardhi. Lakini zilitolewa na mtemi ambaye sasa hakuna awezaye kumwondoa mvua isiponyesha, na watu walizipima kwa kipimo hicho.

Kabla hawajapata chama cha siasa, watu wa Ziwa walipata ushirika. Chanzo chake kilikuwa jambo dogo la kila siku, nalo ni mizani. Wakulima wa pamba walilalamika kuwa wanunuzi wanawapunja katika kupima, wakaanza kujikusanya ili wapime wenyewe. Kutokana na mikusanyiko hiyo kilitokea chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambacho Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na baadaye shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililohesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika. Serikali ilipokataa kuandikisha TANU katika jimbo hilo, tangu mwishoni mwa mwaka 1954 hadi 1958, haikuweza kuzuia watu wasikutane penye mizani.

Mambo yalifika ukomo wake Geita. Gavana Edward Twining alikuwa akishikilia siasa ya kuchanganya mataifa: kwamba Waafrika, Wazungu na Waasia wakae katika baraza moja la wilaya, kila kundi likiwa na wajumbe wake. Geita ilikuwa na Wazungu wachache, wengi wao wakihusiana na mgodi wa dhahabu uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na ilikuwa na Waasia wenye maduka. Baraza la namna hiyo lilipowekwa Geita, watu hawakupiga kelele juu ya hesabu ya viti peke yake. Walisema kuwa hawakuulizwa, na kwamba watemi waliolikubali waliridhia jambo lisilo lao kuliridhia. Katika mwaka 1958 kundi kubwa lilitoka Geita likaenda Mwanza, makao makuu ya jimbo, likataka kusikilizwa, likatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Vijijini amri za kilimo zilidharauliwa na mabaraza ya watemi yakasuswa. Gavana mpya, Richard Turnbull, alifika nchini mwaka huo huo, na muda si mrefu siasa ya kulazimisha mabaraza ya mchanganyiko ikaachwa.

Jambo la kutazamwa hapa ni kuwa mwezi Januari mwaka ule ule, huko Tabora, katika Jimbo la Magharibi ambalo Kahama ilikuwa sehemu yake wakati huo, mkutano wa TANU ulikuwa umekubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ndani yake kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Yaani chama kilikubali katika uchaguzi wa nchi mchanganyiko ambao watu wa Geita waliukataa katika wilaya yao. Wako waonao hapo mgongano. Lakini mkutano wa Tabora ulijadili, ukabishana, ukapiga kura; Geita hapakuwa na mjadala. Kitu kile kile kilikubalika mahali kilipojadiliwa, kikakataliwa mahali kilipoletwa tayari.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria, na kwa kuwa watemi wengi walikuwa wamejichosha mbele ya watu wao, waliowalilia hawakuwa wengi. Mahali pa mwanangwa palikaa ofisa mtendaji. Karibu na kila mlango alikaa mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa wa chama. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya, ambazo madiwani wake walichaguliwa, zilivunjwa, na kazi zao zikahamishiwa kwa maofisa wa wilaya na mkoa. Mpango huo uliitwa madaraka mikoani, ingawa madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda pamoja na maofisa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wa Shinyanga kutoka katika miji yao iliyotawanyika mbugani, neno mji likiwa na maana ya boma la mtu na jamaa zake na ng'ombe zake, wakapangwa kwa mistari. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Katika muda wa miaka 13, basi, mtemi, diwani, mpangilio wa makao na ushirika wa mizani, vyote vilikuwa vimeondolewa kwa uamuzi uliotoka nje ya kijiji. Uamuzi mmoja mmoja ulikuwa na sababu zake, na baadhi yake zilikuwa sababu njema. Yote kwa pamoja yaliacha mwanya mkubwa, na mwanya huo ulidhihirika lilipokuja swali la usalama.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, serikali ilifanya msako dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Wengi walikamatwa, wakateswa mikononi mwa watumishi wa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Habari zilipojulikana, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa mikono yake mwenyewe haikuhusika. Kujiuzulu kwake kumekumbukwa kuwa mfano wa kuwajibika, na ni haki kukumbukwa hivyo. Huko vijijini, hata hivyo, kilichobaki hakikuwa mfano huo. Ilikuwa hofu ya kituo cha polisi. Kisha ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Ilipokwisha, silaha zilizagaa, bidhaa zilikuwa adimu, na wizi wa ng'ombe uligeuka kuwa unyang'anyi wa bunduki. Kwa Msukuma au Mnyamwezi mfugaji, zizi ni benki yake, ni mahari ya wanawe na ni heshima yake; anayeibiwa zizi zima amefutwa katika hesabu ya watu.

Katika hali hiyo, yapata mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega, watu walianza kujikusanya usiku kwa pinde na mishale. Wakajiita sungusungu, kwa jina la wale wadudu weusi jamii ya chungu, wenye kuuma, ambao mmoja si kitu na safu yao haisimamiki. Jina la pili lilikuwa basalama, watu wa salama, neno la Kiarabu lililopita pwani na kuvishwa kiambishi cha Kinyamwezi. Katika miaka michache mpango huo ulienea Usukuma na Unyamwezi yote.

Muundo wao una mengi ya kumfaa mchunguzi wa lugha. Mkubwa wa kundi aliitwa mtemi, miaka karibu 20 baada ya cheo hicho kufutwa. Hakuwa mtu wa ukoo wa watemi. Alichaguliwa na mkutano, na mara nyingi alikuwa mkulima wa kawaida. Pembeni yake alikaa katibu, mtu ajuaye kuandika, aliyetunza daftari la majina, faini na mashauri. Na cheo hicho kilitoka katika chama na ushirika. Walioongoza vijana wakati wa msako waliitwa makamanda, neno la jeshini. Vijana wenyewe walifanya kazi ile ile ya watu wa nsumba ntale wa zamani. Wanawake walikuwa na viongozi wao. Palipotokea wizi ulipigwa mwano, yaani ukelele wa kuita, ukapokewa na kijiji cha pili na cha tatu, na kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka. Nyayo zilifuatwa kutoka kijiji hadi kijiji, na asiyetoka alieleza sababu yake mkutanoni. Adhabu zilikuwa faini, na kwa mkaidi kutengwa: asisalimiwe, asisaidiwe, mpaka atakapokuja mwenyewe kuomba radhi.

Hivyo katika taasisi moja yalikutana maneno ya utawala wa kale, ya chama, ya jeshi na ya dini. Ray Abrahams, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, aliyepata kuifanyia wilaya ya Kahama utafiti katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alirudi baadaye akaandika juu ya sungusungu katika makala iliyochapishwa mwaka 1987, na wengine, kama Sufian Bukurura wa Tanzania, wamefuata. Kuwaita sungusungu mabaki ya kale, kama wafanyavyo wale wapendao kusema jeshi la jadi, ni kukosea kidogo. Watemi wa jadi hawakuwa na katibu wala daftari. Na kuwaita wahuni waliojichukulia sheria mkononi ni kukosea zaidi, kwa kuwa kilichokuwa kikubwa kwao ni kwamba mkutano ulikaa, ukasikiliza na ukaamua. Walichukua kila chombo walichopata kukiona kikifanya kazi, kutoka zama zote walizopitia, wakakiunga pamoja bila kuagizwa na mtu.

Serikali haikujua iwashike vipi. Polisi na mahakimu waliona watu wasio na mamlaka wakikamata, wakihoji, wakitoza. Kwa jicho la sheria hayo yalikuwa makosa, na viongozi kadhaa wa sungusungu walishitakiwa. Chama kiliona jambo jingine: wanavijiji waliojikusanya kulinda mali yao, wakakomesha wizi uliowashinda polisi, na hawakudai mshahara. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono. Ni mara chache katika nchi ile chama na mahakama kuonekana wakivutana hadharani kiasi hicho juu ya swali moja, ni nani mwenye haki ya kuhukumu.

Swali hilo halikuwa la nadharia. Mamlaka yale yale yaliyomrudishia mjane ng'ombe zake yaliweza kumfukuza kijijini mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kupikia, akisingiziwa uchawi. Mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Ziwa yaliendelea kuwa aibu ya taifa kwa miaka mingi, na haiwezekani kuandika juu ya sungusungu na kuwasafisha katika hilo. Baadhi ya makundi yalizuia mauaji. Mengine yalitangaza majina ya watuhumiwa na kuwahamisha kwa nguvu. Mkutano wa watu wote, usio na mahali pa kukatia rufani, ni mlinzi mkali kwa walio wengi, na kwa aliye peke yake unaweza kuwa mkatili kuliko ofisa yeyote. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikaanza kutetewa mahakamani mwaka 1988. Na miongoni mwa mambo ambayo haki hizo zilikuja kuyagusa ni hilo la mtu kufukuzwa kwao kwa sauti ya wengi.

Njia iliyochukuliwa ilikuwa ya kuwameza. Sheria namba 9 ya mwaka 1989, iliyorekebisha sheria za mgambo, iliwapa sungusungu nafasi karibu na ile ya mgambo katika kukamata, na tangu mwaka 1990 Augustino Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliusukuma mpango huo uenee nchi nzima, hata mijini ambako hakuna mbuga wala nyayo za ng'ombe. Matokeo yake yanafundisha. Mahali pengi mijini sungusungu likawa jina la mchango wa kila mwezi kwa ajili ya walinzi, au zamu ya usiku ambayo mwenye fedha hulipa ili asilale nje. Neno lilibaki, sheria iliongezeka, na mkutano ulipungua. Katika nchi ya Kahama yenyewe, ambako watu walikuwa na mkutano kabla ya sheria, desturi imedumu kwa sura iliyo karibu zaidi na ile ya kwanza.

Wakati huo huo mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa upya. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, namba 7 kwa wilaya na namba 8 kwa miji, zilirudisha halmashauri na madiwani. Kwa kijiji zilitoa kitu kizito: mkutano mkuu wa watu wazima wote, wa miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya siasa ya kijiji, na halmashauri ya kijiji, ya wajumbe 15 hadi 25, ni mtu kisheria, aweza kumiliki mali na kushitaki. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliongeza usimamizi wa ardhi. Mtaa wa mjini haukupewa haya. Kamati yake ni ndogo, haimiliki, na kiwanja hugawiwa na halmashauri ya mji. Ni vizuri kulikumbuka hilo katika habari za Kahama, ambayo mwaka 2012 iligawanywa ikawa halmashauri tatu, Mji wa Kahama, Msalala na Ushetu, na ule mji ukapandishwa kuwa manispaa mwaka 2021. Kupandishwa hadhi husherehekewa, na barabara na taa huja. Lakini kijiji kinapogeuzwa mtaa, mkulima wa jaruba hupoteza kitu ambacho hakitajwi katika sherehe: kura yake katika mkutano wenye kauli juu ya ardhi.

Dhahabu nayo imelipanua swali hili. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Buzwagi, karibu zaidi na mji wa Kahama, ulifuata mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Migodi ya namna hiyo hutozwa ushuru wa huduma kwa ajili ya halmashauri, na fedha hiyo huingia katika bajeti ipitishwayo na madiwani. Ndiyo kusema diwani wa leo hukaa juu ya mali ambayo mtemi wa mwaka 1926 hakuiota. Ni lazima basi kuuliza diwani huyo anatoka wapi.

Anatoka katika chama. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, diwani, na hata mwenyekiti wa kijiji au mtaa, hana budi kudhaminiwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi kwa upande wa Rais, Bunge na madiwani. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilimkubalia mwaka 2013. Na sheria haikubadilika. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamika kuwa wagombea wao wameenguliwa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji. Hivyo katika kijiji kimoja cha Kahama mtu aweza kuchaguliwa na jirani zake kuwa mtemi wa sungusungu, akabidhiwe ulinzi wa mazizi yao yote, na asiweze kusimama kuwa mwenyekiti wa kijiji hicho hicho asipokuwa na kadi ya chama.

Lugha ya ofisi imelipokea jambo hili kwa namna yake. Kitenzi cha kushiriki, chenye mzizi mmoja na ushirika na shirika, ni kitenzi cha mtu mwenyewe: watu walishiriki. Tangu miradi ya maendeleo izidi, maandishi ya halmashauri yamezoea zaidi kushirikisha, na kutoka hapo kushirikishwa: wananchi washirikishwe, wananchi walishirikishwa, ushirikishwaji wa wananchi. Viambishi viwili vimeongezwa. Cha kwanza kimemleta mtendaji mwingine, asababishaye. Cha pili kimewafanya wananchi kuwa watendwa wa tendo ambalo kwa maana yake haliwezekani ila kwa kutenda. Hakuna mtu aliyewahi kusema kuwa sungusungu walishirikishwa, wala kwamba wakulima wa pamba walishirikishwa katika kupima pamba yao.

Katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa kanuni, mapato na matumizi husomwa kila robo ya mwaka mbele ya watu, na akidi isipotimia mkutano huahirishwa. Maofisa watendaji wa sehemu nyingi hulalamika kuwa watu hawaji. Mwano ukipigwa usiku, watu wa vijiji hivyo hivyo hutoka bila kuandikiwa barua, na katibu wa sungusungu huita majina kutoka katika daftari lake ili kuwajua waliobaki nyumbani.